Kabla hujatundikiwa dripu ya MS

Ilianza na jicho la kulia. Kulizungusha tu linauma, na kanga yangu nyekundu, ambayo haijafuliwa hata mara tatu, jicho hilo likaiona imechujuka kabisa. La kushoto linaiona mpya ya dukani. Nikaandikiwa miwani. Miwani! Mwaka uliofuata, nikiinamisha shingo napigwa shoti hadi miguuni. Daktari wa neva akanituma MRI, kipimo cha picha za ubongo, jina likapatikana: MS, yaani multiple sclerosis. Kinga yangu mwenyewe inatafuna ganda la neva, kama panya na waya.

Nikaandikiwa rituksimabu, dawa ya kutundikiwa kwa dripu. Nilimbana daktari mpaka akanieleza. Seli za kinga zina vipokezi na protini juu ya ngozi yake, na aina moja ya seli hizo, seli B, nyingi zina protini iitwayo CD20. Dawa hunasa hapo, seli inakufa. Zamani lawama zote za MS walibebeshwa seli T, aina nyingine ya seli za kinga, lakini mwaka 2008 majaribio ya rituksimabu yalionyesha kuwa ukiziondoa seli B, mabaka mapya ya ubongo hupungua mno. Na kingamwili hazishuki sana, maana seli zinazozimwaga hazina CD20. Kumbe seli B ni wafitini tu: huwachochea T wakapigane.

Pima homa ya ini B kwanza. Wengi huku wanayo bila kujua, na dawa hii inaweza kuiamsha. Mimi sikuambiwa. Muuguzi ndiye aliyeshika dripu mkononi akauliza, "Dada, majibu ya ini yako wapi?" Nikarudi nyumbani na chapati zangu.

Chanjo nazo maliza mapema, kama mwezi kabla. Ya homa ya manjano ina virusi hai, ukishaanza dawa haifai tena.

Dripu ya kwanza huenda polepole, karibu siku nzima. Koo lilianza kuniwasha, nikaona haya kusema. Usione haya. Walipunguza mwendo, kukatulia.

Bima walikataa, eti hiyo ni ya saratani. Kweli ilianzia huko, ila mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Nilichapisha ukurasa ule, nikaubana na pini kwenye barua ya daktari, nikarudi dirishani. Safari hiyo walilipa.