Jirani Anamsemesha Mwanangu Kifaransa, Nimtoe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka mitatu. Nikiwa sokoni hushinda kwa jirani yetu Mrundi, ambaye humsemesha Kifaransa. Sasa anachanganya. Jana kaniambia, "Mama, nipe du lait." Mama mkwe anataka nimtoe, asije akachelewa kusema, Kifaransa atakikuta shuleni, na kwa sasa katuni za kwenye simu zinatosha. Nifanyeje?
Mama Zuhura, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimtoe, nakusihi.

Mtoto aliyesema "Mama, nipe du lait" ametunga sentensi kamili ya kuomba maziwa. Hajachelewa. Amechukua neno lililokuwa karibu na ulimi, basi. Ambaye ningemkimbiza hospitali kupimwa masikio ni wa umri wake asiyeunga maneno kwa lugha yoyote.

Nimefundisha Kifaransa miaka 26, nami nilikianza nikiwa na miaka 19. Mpaka leo neno rue, yaani mtaa, hunitoka kama roue, gurudumu. Ile u yao hatuna: ulimi unakaa pa i, midomo inabinuka kama ya mtu anayepuliza moto. Mwambie Zuhura aseme rue, umsikilize. Mimi sauti ile nimeihangaikia maisha yangu yote.

Kuhusu simu, hapo sikubaliani na mama mkwe kabisa. Mwaka 2003, kule Seattle, Marekani, mtafiti Patricia Kuhl na wenzake waliwaleta watoto wachanga wa miezi tisa, wa nyumba za Kiingereza, wakacheza na Wachina mara 12, kila mara kama dakika 25. Walizitambua sauti za Kichina. Wenzao walioonyeshwa Wachina walewale kwenye televisheni hawakuambulia kitu. Mtoto hufuata macho ya mtu anayemjali, na jirani yako anayo.

Ila mama mkwe ana hoja moja kuhusu kungoja shule: sarufi, mkubwa huishika upesi kuliko mtoto. Tena jirani akihama, Kifaransa kitafifia haraka. Kwa hiyo mkae naye vizuri, na usiku wewe umsimulie Zuhura hadithi kwa Kiswahili chako chote.

Kama mama mkwe ni Muha, mwombe amsemeshe Kiha. Jirani naye asifiche Kirundi chake. Lugha hizo ni ndugu wa karibu. Siku Zuhura atakapoleta neno la Kirundi nyumbani, bibi yake ndiye atakayelielewa kwanza.