Mjinga ni mgeni wa jambo

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mjinga na mpumbavu ni mtu mmoja mwenye majina mawili? Kwangu mimi ni watu wawili kabisa, na naumia ninaposikia wakichanganywa.

Bibi yangu mzaa mama alijua kusoma akiwa tayari ana watoto wanne. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafika hadi kijijini kwao. Kazi yenyewe iliitwa kufuta ujinga. Bibi alikuwa akitusimulia bila haya yoyote: "Nilikwenda kufutwa ujinga, nikarudi naandika jina langu." Sasa weka upumbavu mahali pa ujinga. Serikali ingetangaza kwamba inafuta upumbavu, nani angetoka shambani jioni na daftari lake kwapani?

Mpumbavu ametokana na kupumbaa. Aliyepumbaa akili anayo, ila imeduwaa, haifanyi kazi. Ndiyo maana neno hili linauma: linamgusa mtu mwenyewe. Mjinga amekosa jambo fulani tu, na akilipata yamekwisha. Wazee walipotunga "mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani", walikuwa na hakika kwamba mjinga huerevuka.

Lakini neno hili lina historia nzito. Katika karne ya 19 huku pwani, aliyeitwa mjinga hasa ni mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado Kiswahili wala desturi za mji. Mtoto wake aliyezaliwa hapa aliitwa mzalia, na jina la mjinga halikumfuata. Mfikirie mtu huyo. Alijua kulima, alijua mizizi ya dawa, huenda alisema lugha mbili za kwao. Yote hayo hayakuhesabiwa, kwa sababu aliyekuwa akihesabu ni mwenye mji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mjinga ni mgeni wa jambo, na ugeni hupimwa na yule aliyetangulia kufika. Hata leo mtu akisema "mimi mjinga wa kompyuta", hajajitukana.

Jahili nalo lina njia yake. Asili yake ni Kiarabu, na huko linahusu kutojua. Sisi tumelipeleka mbali zaidi, mpaka kwa mtu katili, asiye na huruma. Limbukeni ni wa upande mwingine: amekipata kitu kwa mara ya kwanza, kama anayelimbuka mahindi mapya, na hatulii nacho.

Kinachonikera zaidi ni mazoea ya siku hizi ya kuita kila kosa ujinga. Mtu amekula fedha za kisima cha kijiji, tunasema "amefanya ujinga". Ujinga gani? Alijua fedha ni za nani, alijua saini ya kughushi, alijua na siku ambayo mhasibu hayupo. Tukimwita mjinga tunampa udhuru asiostahili, na papo hapo tunamdhalilisha mama ambaye kosa lake ni kutopelekwa shule. Mwizi ana jina lake.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza bibi ofisini kufuatilia karatasi zake za shamba. Siku hizi maombi hujazwa kwa simu, na yeye simu aliijua ya kupiga na kupokea tu. Kijana wa dirishani alichoka na maswali yake, akasema, na sote tukasikia, "Hawa wazee wajinga wanatuchelewesha." Mimi damu ilinichemka. Bibi akanishika mkono, akamtazama yule kijana kwa upole.

"Kweli, mwanangu, mjinga wa simu hii ni mimi. Nionyeshe."

Kijana aliinamisha uso, kisha akanyoosha mkono aichukue simu amjazie, amalize. Bibi akairudisha kifuani.

"Usinibonyezee. Nionyeshe, nibonyeze mwenyewe."