Unga ukitoka wa moto mashineni

Swali: Juzi msichana wa nyumbani aliugua, ikabidi nijitwike mwenyewe ndoo ya mahindi kwenda kusaga. Miaka mingi sijakanyaga mashineni. Nilipoingiza mkono kwenye unga wangu niliutoa haraka, ulikuwa wa moto. Hapo hapo nikakumbuka kibarua changu cha kwanza baada ya darasa la saba, kushika mfuko kwenye mashine ya mzee mmoja mtaani kwetu. Kila baada ya muda alikuja, akachota unga kiganjani, kisha ama aliondoka kimya, ama alipiga kelele: "Zima! Geuza nyundo!" Sikuwahi kumuuliza alikuwa anapima nini. Je, unga wangu wa juzi ndio umeharibika?
*Mama Wawili, Kihonda, Morogoro*

Jibu: Mzee wako alikuwa anapima mambo mawili kwa kiganja kimoja: joto na chenga. Unga wowote unaotoka mashineni huwa na uvuguvugu, kwa sababu punje imepigwa na kusuguliwa. Hilo ni la kawaida. Ukiushika ngumi ukashindwa kuhesabu hadi kumi, mashine ina tatizo.

Ndani ya mashine kuna nyundo, vipande bapa vya chuma vinavyoning'inia kwenye vyuma vya mviringo. Mashine ikizunguka kwa kasi, nyundo hunyooka na kuipiga punje ikiwa bado hewani, na pembe ya nyundo ndiyo inayovunja. Kuzunguka nje yake kuna chekeche la bati lenye matundu. Kilicho kidogo kuliko tundu kinapita, kikubwa kinarudi kupigwa tena. Pembe zikishakuwa butu na mviringo, nyundo haivunji tena, inasukuma tu. Punje inazungushwa na kusuguliwa dhidi ya chekeche mara nyingi kabla haijapita, na msuguano huo ndio joto ulilolishika. Mteja anaona unga wa moto na foleni ndefu. Mwenye mashine anaona bili ya umeme au dizeli.

"Geuza nyundo" lilikuwa agizo la kiuchumi kabisa. Nyundo nyingi zina tundu kila upande, kwa hiyo zina pembe nne za kutumia. Ya kwanza ikilika unaigeuza uso, kisha unaipindua kichwa chini, kisha uso tena, ndipo unanunua nyingine. Kazi yenyewe haina miujiza, lakini ina masharti. Zima umeme kwenye swichi kuu, siyo kwenye kitufe cha mashine tu, na subiri hadi mzunguko ukome wenyewe. Fungua kifuniko, toa chekeche, ondoa pini, vuta chuma kimoja na uzipange nyundo zake chini kwa utaratibu ule ule zilivyokaa. Geuza safu zote siku hiyo hiyo. Ukibadilisha nyundo moja tu kwa mpya, upande huo unakuwa mzito kuliko wa pili, mashine inatetemeka, na baada ya muda beringi zinakufa. Fundi makini hupima kwenye mizani safu zinazotazamana, zikapishana kidogo sana au zisipishane kabisa.

Kabla ya kulaumu nyundo, hata hivyo, tazama mfuko. Mashine inapuliza hewa pamoja na unga, na hewa hiyo lazima itokee kwenye kitambaa cha mfuko wa juu. Kitambaa kisipokung'utwa kinaziba, hewa inarudi, unga unabaki chumbani ukipigwa tena na tena. Kukikung'uta ni kazi ya dakika tano ambayo wengi hawaifanyi. Mkanda unaozungusha mashine nao, ukilegea, hupunguza kasi. Ukiubonyeza kwa dole gumba katikati, ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, ukazwe. Mikanda ikiwa miwili au mitatu hubadilishwa yote pamoja, la sivyo mpya unabeba mzigo wa yote. Mwisho kabisa, mahindi mabichi yanagandamana kwenye matundu ya chekeche na kuleta joto lile lile.

Unga wako haujaharibika kwa moto huo peke yake. Kinachouharibu ni kuufunga ungali na joto: mvuke unageuka maji ndani ya mfuko, unapata mabonge na baadaye ukungu. Utandaze kwenye shuka safi kivulini mpaka upoe kabisa, ndipo uufunge. Ila ukiona punje nusu nusu ndani yake, siyo nyundo tena, ni chekeche limechanika. Mwambie fundi kabla hujalipa.

(Na kuhusu kushika mfuko: kanga iliyoning'inia karibu na mkanda usio na kifuniko ni hatari kubwa kuliko zote mle ndani. Ukiona mtoto amewekwa pale, sema.)

Swali: Mimi nasaga gorogoro tano kwa posho mill. Wiki ya tatu unga unaanza kuwa mchungu na kunuka kama mafuta ya zamani. Wa dukani unakaa miezi. Mwenye mill ananiibia?
*Msomaji, Kitale, Kenya*

Jibu: Hakuibii, anakupa mahindi yako yote. Ile sehemu nyeupe laini karibu na ncha ya punje ndiyo kiini, na ndani yake kuna zaidi ya robo tatu ya mafuta yote ya punje. Ukisaga bila kukoboa, mafuta hayo yanakutana na hewa na kuanza kuchacha. Unga wa dukani umekobolewa, kiini kimekwenda na pumba, ndiyo maana unavumilia, na ndiyo maana vilevile una lishe pungufu. Gorogoro tano ni kama kilo 10. Kama familia yako hailimalizi fungu hilo kwa wiki mbili au tatu, saga gorogoro mbili mbili.

Kisha hakikisha ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, jaza mahindi hadi theluthi, funga na utikise kwa dakika moja au mbili, halafu iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Isiponata, yanafaa kusagwa, ila kwa kuhifadhi muda mrefu lenga asilimia 13.5 au chini yake.

Uchungu wa mafuta yaliyochacha si sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye nafaka, usichanganye. Sumukuvu haina ladha wala harufu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu. Kinga yako kubwa nyumbani ni ungo na macho: toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, kabla ya kwenda kusaga. Ulizozitoa usiwape kuku.

Swali: Nilipeleka ndoo moja ya mahindi, nikarudi na unga uliojaa ndoo ukamwagika pembeni. Nimezidishiwa?
*Kijana wa Mbagala*

Jibu: Hapana. Ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa inabeba mahindi makavu kilo 15 hivi. Unga uliotoka kupulizwa umejaa hewa, kwa hiyo uzito ule ule unataka nafasi kubwa zaidi. Kwenye mizani utakuta umepungua kidogo, kwa unyevu uliopotea kwa joto na vumbi lililoruka. Usishangae pia kuona rangi ngeni kwenye kilo ya kwanza: huo ni unga wa mteja aliyekutangulia, uliobaki ndani. Aliyesaga muhogo kabla yako amekuachia muhogo, na wewe umemwachia anayefuata mahindi. Kama nyumbani kuna asiyekula kitu fulani, omba vikombe viwili vya kwanza vitolewe pembeni.

Swali: Kwa nini fundi anakataa kunisagia karanga za uji wa lishe?
*Mama Kijacho, Dodoma*

Jibu: Karanga peke yake haitoki unga, inatoka siagi. Mafuta yanaziba chekeche lote, na fundi atalazimika kulitoa na kulisugua huku foleni inamsubiri. Hata ukimbembeleza akazichanganya na mahindi mengi, unga huo utachacha upesi kuliko dona. Saga nafaka zako peke yake. Karanga zichambue, zikaange, uzitwange kidogo kidogo nyumbani na uzitie kwenye uji ukikaribia kuiva. Soya ni habari nyingine: mashineni inapita, ila lazima iwe imechemshwa au kukaangwa kwanza, kwa sababu ikiwa mbichi inazuia tumbo la mtoto kumeng'enya protini.