Thailand kwa pikipiki: mkono wa kushoto si klachi

Mleta uzi, umeuliza mengi kwa pamoja. Unaenda Chanthaburi, mji wa soko la vito mashariki mwa Thailand, mwezi wa nne na mzigo wako wa mawe ya vito, umeendesha bodaboda Arusha miaka minane bila ajali ya maana, na shemeji yako anakwambia wageni wanakufa kule kwa pikipiki kama kuku wa mdondo. Unataka kujua kama ni kweli, kama leseni yako itafaa, na kama bima ni lazima au ni biashara ya watu tu.

Nimeishi Chanthaburi kuanzia 2014 mpaka korona ilipotukimbiza. Nilikuwa napeleka spinel za Mahenge na mawe ya Tunduru, Ijumaa mpaka Jumapili nakaa mezani sokoni, siku nyingine nazunguka kwa wachongaji na kwa wale wanaochoma mawe kwenye tanuru. Mizunguko yote hiyo ni kwa pikipiki. Nimevunjika mara moja, na nimesindikiza jeneza moja. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekuwepo.

Shemeji yako hakudanganyi. Amekosea sababu tu. Wengi wanadhani anayekufa ni yule mtalii wa Kizungu ambaye hajawahi kushika pikipiki, kalewa, kavaa kaptula na kandambili. Huyo yupo, tena kila msimu. Lakini sisi tunaotoka huku tunaponzwa na kitu kingine kabisa: tunajua kuendesha. Hiyo miaka minane unayoitaja kwa fahari ndiyo ninayoihofia mimi.

Takwimu kidogo, nizimalize. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 iliiweka Thailand kwenye vifo 32.7 vya barabarani kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na karibu robo tatu ya waliokufa walikuwa kwenye pikipiki. Sasa angalia ripoti hiyohiyo kwetu: Tanzania 29.2, Kenya 27.8. Hutoki peponi kwenda jehanamu, mkuu. Unatoka kwenye moto mmoja kwenda kwenye mwingine, ila huu wa pili hujaujua unachomea wapi.

Kinachokudanganya kwanza ni kwamba kila kitu kinafanana. Wanaendesha kushoto kama sisi. Joto kama la Morogoro. Kuna pikapu za abiria zenye mabenchi mawili yanayotazamana, wanaziita songthaew, na ukiwa wa umri wangu utakumbuka chai maharage za Dar. Msimu wa matunda barabara nzima inanuka doriani utadhani uko Unguja. Halafu lami ni safi. Kwetu mashimo na matuta ndiyo trafiki wa kweli, yanakulazimisha upunguze hata kama hutaki. Kule barabara ya Sukhumvit inatoka Bangkok inapita Chanthaburi mpaka Trat, njia mbilimbili kila upande, na hakuna kinachokukumbusha kwamba umefika 90 juu ya kijipikipiki cha cc 125 chenye matairi membamba.

Sasa nikusimulie ya kwangu. Ilikuwa mwezi wangu wa pili. Nilikodi skuta ya zamani kwa mama mmoja wa mtaani, nikawa nasubiri kwenye uwazi wa katikati ya barabara ili nivuke. Kule hawana makutano mengi, wana hizo sehemu za kugeuzia, unakwenda hata kilomita mbili mbele ndipo urudi. Lori linakuja kwa mbali, dereva akaniwashia taa mara mbili. Wewe mwenyewe, hapo Arusha mtu akikuwashia taa unaelewaje? Amekupisha, au anakutonya kuna trafiki mbele. Mimi nikainua mkono kumshukuru kabisa, nikaingia.

Thailand taa zile maana yake ni kinyume: “Mimi napita, usithubutu.”

Nilipoona halipunguzi, mwili ukafanya ulichozoea miaka yote ya Boxer. Mkono wa kushoto ukabana klachi, mguu wa kulia ukakanyaga breki. Tatizo ni kwamba kwenye skuta hakuna klachi. Mkono wa kushoto ni breki ya nyuma, na mguu wa kulia unakanyaga hewa. Gurudumu la nyuma likajifunga palepale, chini kuna changarawe, pikipiki ikalala upande wa kushoto nami chini yake. Lori lilipita, na upepo wake ulinivua kandambili. Nilivunjika mtulinga na kiwiko kikachunika mpaka pakawa peupe. Kofia ngumu ilipata ufa upande wa sikio, nayo niliivaa siku ile kwa kuogopa polisi tu. Ningependa kusema niliivaa kwa busara, ila ukweli ndio huo.

Kwa hiyo ukifika, kabla hujaenda popote, tafuta uwanja mtupu, kiwanja cha hekalu au maegesho asubuhi, ufunge breki ya ghafla mara hamsini. Sifanyi mzaha. Mwili haujui kwamba umehama nchi. Kichwani unajua kabisa kwamba skuta haina klachi, lakini katika ile sekunde moja kichwa hakiulizwi. Wengine huwa nawashauri wachukue zile zenye gia za mguu zisizo na klachi, kama Honda Wave, maana angalau breki ya mguu iko pale ulipoizoea. Huo ni uamuzi wako.

Na hizo sehemu za kugeuzia zina hila nyingine. Pikapu inayogeuza haiwezi kukata kona fupi, inazunguka kwa upana mpaka inafika ukingo wa kushoto kabisa, na ukingo wa kushoto ndiko sisi wa pikipiki tunakopita. Ukiona pikapu imesimama katikati imekuelekezea pua, punguza, hata kama unaona dereva anakutazama machoni. Kwenye ukingo huohuo utakutana na wenyeji wanaokuja kinyume, mama na watoto wawili na gunia, mishikaki kama ya kwetu, kwa sababu hakuna anayetaka kwenda kilomita mbili kugeuza. Usiwatukane. Wapishe.

Sasa la huyu mwenzetu. Sitamtaja. Alikuwa wa Moshi, ameendesha bodaboda pale stendi miaka zaidi ya kumi kabla hajaingia kwenye mawe, na kati yetu sote ndiye aliyekuwa bora kwenye pikipiki. Mimi nikiwa na bandeji ya mtulinga yeye ndiye alikuwa ananibeba, na ananicheka. Usiku mmoja wa mvua, kama saa tatu, alitoka kwenda kununua chakula. Akasema, “Naenda hapo tu.” Hapo tu ni dukani, hata kilomita mbili hazifiki. Kwenye ukingo wa kushoto palikuwa na lori la matairi kumi limeegeshwa, halina taa, halina kiakisi, hata tawi la mti la kutahadharisha kama wanavyoweka madereva wetu halikuwepo.

Wale wa uokoaji wa kujitolea walifika haraka, hilo nawasifu. Mimi nilifika nikakuta wameshamfunika. Pikipiki ilikuwa imeingia chini ya lori mpaka kwenye kiti. Kofia yake ilikuwa kwenye ile ndoano iliyo mbele ya magoti, mahali watu wanapotundika mifuko ya sokoni. Ilikuwa imelowa mvua na haina mkwaruzo hata mmoja. Niliichukua nikakaa nayo siku nne bila kujua niiweke wapi.

Hapo ndipo habari ya leseni na bima inapoanza, na hapa nakuomba usome polepole, maana wengi mnaruka.

Jamaa alikuwa na bima ya safari, aliinunua vizuri tu, ya kurudisha mwili ikiwemo. Kampuni ikaomba leseni. Leseni yake ya Tanzania ilikuwa daraja D, la gari. Miaka kumi ya bodaboda hajawahi kuongeza daraja la pikipiki, na wewe unajua wako wangapi hivyo. Wakajibu kwa barua pepe ya mistari minne: aliendesha chombo asichoruhusiwa kisheria, madai hayalipwi. Nilitaka kuwachukia lakini kifungu kilikuwepo, nilikisoma mwenyewe usiku kwenye simu. Ingekuwa kaumia, ni hivyohivyo, hospitali binafsi ingetaka fedha mbele.

Na kwa Wachaga mtu huzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mama yake alisema kwenye simu neno moja tu, “Mleteni.” Wapo Wathai waungwana waliotushauri achomwe hekaluni halafu tubebe majivu, gharama ndogo sana, na walisema kwa nia njema. Nani angepeleka majivu Moshi? Tukafungua kundi la WhatsApp. Walichanga Watanzania, Wakenya, Waguinea wa sokoni, hata madalali wawili wa Kithai. Cheti cha kifo kikatolewa kwa Kithai, kikatafsiriwa, kikagongwa mihuri, barua zikaenda na kurudi. Wiki tatu mwili uko kwenye friji. Duka lake la Arusha liliuzwa kulipia salio. Hiyo ndiyo bei ya daraja moja kwenye leseni, na mkewe ndiye aliyeilipa.

Kwa hiyo jibu la swali lako: ongeza daraja la pikipiki HAPA, kabla hujapanda ndege, na ukichukua leseni ya kimataifa hakikisha kisanduku cha pikipiki kimegongwa muhuri, si cha gari pekee. Ukishapata kibali cha kukaa, nenda ofisi yao ya usafirishaji ukachukue leseni ya Kithai. Mimi ya kwangu ilinigharimu zaidi muda kuliko fedha. Unapeleka cheti cha daktari na uthibitisho wa makazi, wanakupima macho kama yanatofautisha rangi, wanakupima unavyowahi kukanyaga breki taa nyekundu ikiwaka, na wasiokuwa na leseni ya kwao wanaendesha juu ya ubao mwembamba bila kuanguka. Ya kwanza ni ya miaka miwili, kisha unapewa ya mitano.

Bima ni mbili, usizichanganye. Kuna ya lazima inayokwenda na pikipiki yenyewe, wanaiita por ror bor. Hiyo inalipia matibabu ya mwanzo mpaka bati 30,000 bila kuuliza nani mkosaji, na ndiyo iliyolipia mtulinga wangu. Ni nzuri lakini ukiingia chumba cha wagonjwa mahututi inayeyuka siku ya kwanza. Ya pili ni ya kwako mwenyewe, na kabla hujalipa, tafuta neno “pikipiki” kwenye masharti usome linasemaje kuhusu leseni na ukubwa wa injini. Wakala akikwambia “usijali kaka, inafunika kila kitu,” mwombe akuandikie hivyohivyo.

Ukikodi, omba kuona karatasi ya por ror bor na uangalie tarehe. Wao wanahesabu miaka ya Kibudha, kwa hiyo toa 543: ukiona 2568 ni 2025. Nimeona wageni wakifurahi kwamba bima yao inaisha karne tano zijazo. Pasipoti usiiache dhamana, toa nakala na fedha. Na namba ya gari la wagonjwa ni 1669, iweke kwenye simu leo.

Umesema mwezi wa nne. Songkran, mwaka wao mpya, ni tarehe 13 mpaka 15. Serikali yao wenyewe inaziita siku za pembeni ya hapo siku saba hatari, na televisheni inasoma idadi ya waliokufa kila jioni kama matokeo ya mpira. Watu wamelewa, wamepanda nyuma ya pikapu na mapipa, na watakumwagia ndoo ya maji ya barafu usoni ukiwa kwenye mwendo, kwa furaha kabisa. Siku hizo mimi pikipiki nilikuwa nailaza ndani. Kama unaweza kusogeza safari mpaka tarehe 20, sogeza. Soko la mawe halikimbii.

Kuhusu kofia, kuna aliyeuliza hapo juu kama anunue huku au kule. Bodaboda wetu wanaiita elementi na wengi wanaivaa kama sufuria, kamba inaning’inia. Nunua kule, yenye alama ya viwango ya Kithai, usikubali ile ya bakuli wanayokupa bure kwenye kukodi. Ila pima kwanza, nyingi ni ndogo kwa vichwa vyetu, na kama unafuga rasta nenda na ya kwako kutoka nyumbani. Mimi ilibidi nifuate ya saizi yangu Rayong, mkoa wa jirani, nikaenda na songthaew, mkono bado uko kwenye bandeji.