Kunde, nepia na kuvu wa mizizini

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Gede, Malindi. Masika yaliyopita nilipanda kunde kati ya mistari ya nepia ili majani yapate mbolea, lakini nepia haikubadilika mpaka kunde zilipokwisha na mvua za vuli zikaingia. Sasa jirani ameona nyuzi nyeupe kwenye udongo, anasema ni ukungu unaokula mizizi na kwamba nimwage dawa. Je, nimsikilize?

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Tafadhali usimwage dawa hiyo. Nyuzi nyeupe zinazoonekana kwa macho, hasa palipo na samadi na majani yanayooza, kwa kawaida ni za kuvu wanaoozesha mabaki, na hao ndio wanaokupikia mbolea. Wapo kuvu wengine, waitwao maikoriza, ambao huwezi kuwaona bila hadubini. Hao huingia ndani ya seli za mizizi ya nepia na ya kunde pia, wakaupa mmea fosforasi na kupokea sukari. Baadhi ya dawa za ukungu, kama zile zenye benomili, huwadhoofisha kuvu hawa, kwa hiyo ungelipa fedha ili kujipunguzia mavuno.

Umuhimu wao unatokana na tabia ya fosforasi, ambayo husogea polepole mno udongoni. Mzizi ukishaimaliza iliyo milimita moja au mbili kutoka ulipo, hubaki na njaa hata kama nyingine ipo karibu, ilhali nyuzi za kuvu huenea sentimita kadhaa zaidi na kuileta. Katika mashamba yetu ya pwani, yenye mchanga mwingi na mboji kidogo, na penye mawe ya matumbawe ambapo chokaa huishika fosforasi isichukulike kwa urahisi, msaada huo si wa kudharauliwa. Kunde huuhitaji kwa namna ya pekee. Tangu 1888, Hellriegel na Wilfarth wa Ujerumani walipochapisha uthibitisho wao, inajulikana kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kupitia bakteria waishio katika vinundu vya mizizi. Kazi hiyo ni ghali: kila molekuli ya naitrojeni hugharimu molekuli 16 hivi za ATP, kibeba nishati cha seli, ambayo yenyewe ina fosforasi ndani yake. Kunde zenye upungufu wa fosforasi hutoa vinundu vichache na dhaifu, na nepia iliyo jirani haina cha kurithi.

Nalo jambo la kuchelewa halikunishangaza. Naitrojeni iliyonaswa hubaki kwa sehemu kubwa mwilini mwa kunde yenyewe, katika majani na mbegu. Kiasi fulani huvuja kupitia mizizi iliyo hai, na kingine huweza kupita katika nyuzi za kuvu zinazounganisha mimea hiyo miwili, lakini kwa maoni yangu mfugaji asiitegemee njia hiyo. Nepia hufaidika hasa pale mizizi, vinundu na majani ya kunde vinapokufa, vijidudu vikaivunja protini yake kuwa amonia, na bakteria wengine wakaigeuza kuwa naitreti, naitrojeni ambayo mizizi huweza kuifyonza. Kazi hiyo yahitaji unyevu, ndiyo maana uliyaona matokeo vuli. Kwa hiyo, kunde zikiisha zikate usawa wa ardhi badala ya kuzing'oa, na ukiwalisha ng'ombe majani yake, irudishe samadi shambani. Nepia nayo ikatwe kabla haijazifunika kunde, kwa sababu kunde iliyo kivulini hukosa sukari ya kuwalisha kuvu na bakteria wake.

Mbolea ya dukani itumie kwa kiasi: naitrojeni nyingi huifanya kunde ipunguze vinundu, na fosfeti nyingi huwapunguza kuvu mizizini.

Kabla ya kuongeza chochote, kagua mizizi kunde zinapoanza kutoa maua. Chimbua mche mmoja taratibu kwa jembe uma, bila kuuvuta, usije ukaviacha vinundu ardhini. Kinundu cha kweli kimeshikamana ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa kidole. Ukikipasua ukakuta rangi ya waridi, bakteria wanafanya kazi, na ukikuta kijivu au kijani, hawafanyi. Ukiona mzizi wenyewe umevimba na uvimbe haubanduki, hiyo ni minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya mizizini, adui wa kweli wa kunde, nayo haitibiwi kwa dawa ya ukungu. Hapo usirudie kunde katika mistari ile ile msimu unaofuata, na muulize afisa ugani wako au kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kilichoko Mtwapa kuhusu mbegu inayostahimili.