Maswali na Majibu: Nasaba ya Point du Sable, Mlowezi wa Chicago

Tangu tugusie hapa kwamba mji wa Chicago ulianzia kwenye shamba la mtu mweusi, maswali hayajakatika. Wiki hii nimeyakusanya yanayomhusu yeye, Jean Baptiste Point du Sable, pamoja na uzao wake.

SWALI: Kila siku napita kwenye barabara yenye jina lake kando ya ziwa. Ni kweli yeye ndiye wa kwanza, au ni siasa za majina? (Msomaji, Chicago)

JIBU: Ni kweli, ila tuseme vizuri alikuwa wa kwanza wa nini. Wapotawatomi, taifa la wenyeji wa Marekani, walikuwa na nchi yao pale kabla yake. Du Sable ndiye mgeni wa kwanza ambaye maandishi yanamthibitisha kuwa alijenga makazi ya kudumu kwenye mdomo wa mto Chicago. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, Arent DePeyster, kamanda wa Waingereza kwenye ngome ya Michilimackinac huko kaskazini, alimweleza kuwa ni Mweusi mwenye sura nzuri na elimu nzuri, aliyeweka makazi Eschikagou, yaani Chicago. Mwaka 1779 Waingereza hao hao walimkamata wakimshuku kuwa yuko upande wa maadui zao. Kuanzia 1780 hadi 1784 akawa msimamizi wa shamba liitwalo Pinery, karibu na mto St. Clair, kisha tunamwona tena Chicago.

Jina la barabara lilibadilishwa mwaka 2021. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya karne moja, sifa ya baba wa Chicago alikuwa akipewa John Kinzie, aliyehamia mwaka 1804 na kuishi katika nyumba iliyokuwa ya du Sable. Hilo linaniuma, maana hati ya mauzo ya nyumba hiyo ilikuwepo muda wote katika kumbukumbu za Detroit. Waliosimulia historia ya mji hawakwenda kuitafuta.

SWALI: Nimesoma kuwa alizaliwa Haiti mwaka 1745, mama mtumwa na baba nahodha Mfaransa. Ndiyo hivyo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mengi ya maelezo hayo, hata jina la mama, yametoka kwenye riwaya iliyochapishwa mwaka 1953. Yalinakiliwa na mwandishi mmoja baada ya mwingine mpaka yakaonekana historia. Habari ya Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, ni ya zamani zaidi: iliandikwa mwaka 1856 na Juliette Kinzie, mkwe wa John Kinzie. Juliette alizaliwa mwaka 1806, wakati du Sable ameshahama Chicago. Kwa hiyo Haiti inawezekana, lakini haina cheti nyuma yake. Hata rejesta ya maziko yake haitaji wazazi wala kwao. Imemwandika kwa neno moja tu la Kifaransa, yaani Mweusi. Ukijaza mti wa ukoo, mahali pa wazazi wake paache wazi.

SWALI: Mke wake alikuwa nani, na walipata watoto? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hapa ndipo kazi ya nasaba inaponoga. Mke wake alikuwa Kitihawa, mwanamke wa Kipotawatomi, ambaye kwa Wakatoliki aliitwa Catherine. Kanisa liliibariki ndoa yao Cahokia, mji wa kando ya mto Mississippi, tarehe 27 Oktoba 1788. Watoto wanaojulikana ni wawili, Jean na Suzanne.

Sasa tazama: Suzanne mwenyewe aliolewa Cahokia mwaka 1790, na mume wake ni Jean Baptiste Pelletier. Mtoto aliyezaliwa baada ya Oktoba 1788 hawezi kuolewa mwaka 1790. Maana yake du Sable na Kitihawa walikuwa mume na mke kwa mila ya kwao miaka mingi kabla padri hajawaandika. Anayeanza kuhesabu familia hii kutoka tarehe ya kanisa atakosa nusu ya maisha yao, na atamkosa Kitihawa kabisa. Bila ukoo wa mke, mfanyabiashara mgeni asingepata wa kufanya naye biashara ya manyoya katika nchi ile.

Suzanne na Pelletier walimpata Eulalie, aliyezaliwa Chicago mwaka 1796 na kubatizwa St. Louis mwaka 1799. Chicago haikuwa na parokia hadi 1833, kwa hiyo anayetafuta familia za kule za wakati huo hana budi kufuata njia za mitumbwi mpaka kwenye rejesta za miji ya mto Mississippi.

SWALI: Basi mjukuu huyo Eulalie ndiye aliyemtunza uzeeni? Tovuti nyingi zinasema hivyo. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Zinasema, na mimi sikubali. Mwaka 1813, akiwa mzee huko St. Charles, Missouri, du Sable alimwandikia nyumba na mali mwanamke aitwaye Eulalia Barada, kwa sharti kwamba amtunze mpaka kufa na amzike katika makaburi ya Wakatoliki. Watu wakaona jina Eulalia, wakakumbuka Eulalie Pelletier, wakafunga hesabu.

Lakini katika maandishi ya Wafaransa wa eneo lile, mwanamke aliyeolewa aliendelea kuandikwa kwa jina la baba yake. Baba wa mjukuu ni Pelletier. Barada ni ukoo mwingine, uliojulikana kule kule Missouri. Tena fikiria sharti lenyewe: babu anamwandikia mjukuu wake wa damu mkataba wa kutunzwa na kuzikwa? Yawezekana, lakini kwangu mkataba huo unafanana zaidi na wa mzee asiye na ndugu wa karibu. Anayedai kushuka kwa Eulalia Barada alete kwanza karatasi inayomuunganisha na Suzanne.

SWALI: Si vipimo vya DNA vitamaliza ubishi? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Vitamaliza iwapo kuna cha kulinganisha nacho. Kromosomu Y hupita kwa baba na mwana, kwa hiyo ingehitajika safu ya wanaume watupu kutoka kwa Jean, na safu hiyo haijathibitishwa kwa hati. DNA ya upande wa mama inayopita kwa Suzanne na Eulalie ni ya Kitihawa; ya du Sable haimo. Vipimo vya kawaida vinavyouzwa mtandaoni navyo hupungua nguvu kila kizazi, na kutoka kwake hadi leo ni vizazi saba au zaidi. Mabaki yake pia hayajapatikana: alifariki tarehe 28 Agosti 1818 na kuzikwa St. Charles, lakini makaburi yale yalihamishwa mara mbili. Jiwe la kumbukumbu liliwekwa mwaka 1968, na wataalamu walipochimba hapo mwaka 2002 hawakukuta dalili ya kaburi.

SWALI: Alikuwa mtu wa hali gani? Na kwa nini aliondoka Chicago? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Alikuwa na uwezo mkubwa. Mwaka 1800 alimuuzia Jean La Lime mali yake kwa livre 6,000 (sarafu ya Kifaransa ya wakati huo), na Kinzie akawa shahidi. Hati inataja nyumba ya futi 40 kwa 22, kinu cha kusaga kinachozungushwa na farasi, chumba cha kuokea mikate, banda la kukaushia nyama kwa moshi, banda la kuku, ng'ombe 30, nguruwe 38 na kuku 44. Wasafiri walinunua kwake unga, mkate na nyama ya nguruwe.

Sababu ya kuondoka hakuiandika. Kinachojulikana ni kwamba kwa mkataba wa Greenville wa 1795 na mataifa ya wenyeji, Marekani ilijipatia eneo la maili sita kwa sita pale mdomoni mwa mto, na mwaka 1803 ikajenga ngome ya Dearborn. Yeye akavuka kwenda upande wa Missouri, uliokuwa bado chini ya Hispania, akaendesha kivuko.

SWALI: Nataka kumfuatilia mlowezi mwingine wa zama hizo. Nianzie wapi? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Anza na kizazi ulicho na uhakika nacho, urudi nyuma hatua moja moja. Andika kila namna jina linavyoweza kuandikwa. Huyu wetu ameandikwa Point Sable, de Saible, hata Au Sable. Rejesta nyingi za parokia zinasomeka bure katika tovuti ya FamilySearch, na hati za ardhi huwa katika mahakama ya kaunti. Wasome pia mashahidi na wasimamizi wa ubatizo, kwa sababu mara nyingi walikuwa ndugu. Ukikuta mama ni wa taifa la wenyeji, usimwache. Wapotawatomi wengi walilazimishwa kuhama baada ya mkataba wa Chicago wa 1833, na mataifa yao, yakiwemo yaliyoko Kansas na Oklahoma, yana kumbukumbu zao. Waandikie kwa adabu, ueleze unamtafuta nani na kwa nini.