Jibu: Kwa nini wasifunge redio mbili tu?

Umeuliza kwa nini chombo cha anga kisibebe redio mbili, moja kwa kila mtandao wa satelaiti unaokipelekea data zake duniani. Kinaweza, ila huko juu kila kilo na kila wati inagombewa, na mwenye mtandao akifunga virago, unabaki na chuma bubu. Satelaiti za TDRS za NASA, zinazopokea data kutoka vyombo vingine vya anga na kuzituma duniani, ya kwanza ikiwa ya 1983, ziliacha kupokea misheni mpya Novemba 2024; wapya wanaelekezwa kwa kampuni binafsi. Ndiyo maana mwaka 2025 ikarushwa PExT, terminali (kifaa cha mawasiliano) ya majaribio iliyoundwa na APL, maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ihamehame kati ya TDRS na mitandao ya biashara.

Watu wengi hudhani ugumu uko kwenye modemu, yaani sehemu inayogeuza data kuwa mawimbi. Hapana, ikiwa inaendeshwa na programu, unabadilisha lugha ya mtandao unavyotaka. Jasho liko kwenye antena na kipaza nguvu, kinachoongezea mawimbi nguvu kabla ya kurushwa. TDRS husikiliza gigahezi 25.25 hadi 27.5, za biashara huanzia 27.5 kwenda 30 hivi. Kipaza kimoja kifunike kote huko bila kuchafulia mawimbi ya jirani! Halafu chombo kinakimbia kama kilomita 7.5 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye gigahezi 27 masafa ya mawimbi (frikwensi) yanaweza kupotoka zaidi ya kilohezi 600.

Na usifananishe na simu kuhama mnara. Hapa sahani ya antena yenyewe inageuzwa kuelekea satelaiti nyingine, na wakati huo data inasubiri kwenye hifadhi.